Kuhifadhi sanaa Nairobi: mshahara wa taasisi, kandarasi ya mradi, au karakana yako?

Anayetaka kula jasho la kuhifadhi na kukarabati kazi za sanaa jijini Nairobi ana milango mitatu: ajira ya taasisi ya umma, kandarasi za miradi, na karakana yake binafsi. Upo pia mlango wa ng'ambo, lakini huo una mizani yake na tutaufikia baadaye. Vijana wengi huuliza kwanza ni upi unaolipa zaidi kwa mwezi. Ni heri waulize nani analipa, analipa lini, na nani anagharamia vifaa, likizo na siku za ugonjwa. Ukishayajua hayo, tarakimu iliyoandikwa kwenye tangazo la kazi inaweza kubadilika sura kabisa.

Hati ya mshahara

Waajiri wa aina hii mjini ni wachache: Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pale Museum Hill, Jumba la Nyaraka za Kitaifa la Moi Avenue, maktaba kubwa na vyuo vikuu. Nafasi hutangazwa kwa nadra, na mara nyingi cheo hakiitwi cha mhifadhi. Utakikuta kimejificha kama msaidizi wa makusanyo, fundi wa maabara au afisa wa nyaraka. Soma maelezo ya kazi, usiishie kwenye kichwa chake.

Chukua mshahara ghafi wa shilingi 60,000, kama mfano wa hesabu tu. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, hukata asilimia 6, yaani 3,600. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,650. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 900. Makato hayo matatu yakishatoka, kiasi kinachotozwa PAYE, yaani kodi ya mapato ya mshahara, ni 53,850. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, na 21,517 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni 10,938. Ondoa nafuu ya kila mwezi ya 2,400 na KRA, mamlaka ya kodi, inachukua 8,538. Mkononi zinabaki 45,312.

Inauma, lakini hesabu haiishii hapo. Mwajiri naye analipa NSSF na ushuru wa nyumba kwa viwango vilevile, yaani 4,500 nyingine kila mwezi ambazo wewe huzioni. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, na ukiugua unalindwa kwa angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu malipo. Darubini, kabati la kuvuta mvuke wa kemikali, karatasi ya Kijapani: vyote ni vya taasisi. Kijana anayejifunza kwa vifaa vya mwajiri analipwa mara mbili, hata kama benki inaona malipo mamoja tu.

Kazi yenyewe hukatisha tamaa wale waliodhani watashinda wakiinamia picha na brashi. Siku nyingi za mhifadhi wa taasisi hupita kwenye stoo: kupima unyevu, kupanga upya rafu, kuandika ripoti za hali ya kila kitu kabla hakijasafiri kwenda maonyeshoni, kutega mitego ya wadudu na kuikagua. Kitu kimoja kikikarabatiwa, mamia ya vingine husubiri kulindwa tu visiharibike zaidi. Hiyo ndiyo kazi. Asiyeweza kuifurahia orodha ya vitu 400 vilivyokaguliwa asiombe nafasi hiyo.

Kuna hatari moja ambayo matangazo hayaitaji. Makusanyo ya zamani ya ngozi, manyoya, mbao na nguo katika majumba ya makumbusho duniani kote yalipuliziwa sumu za wadudu kama aseniki na DDT, mara nyingi bila kumbukumbu. Glavu za nitrili, barakoa ya kuchuja vumbi na koti linalofuliwa kazini ni sharti. Ukiulizwa katika usaili kama una swali, uliza kama makusanyo yamepimwa sumu. Jibu litakufahamisha jinsi unavyothaminiwa kuliko mshahara unavyoweza.

Na usitegemee kuchuma kando jioni. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, na sheria za maadili ya watumishi wa umma zinabana sana kazi za binafsi zinazogongana na majukumu ya ofisi. Kumkarabatia picha mtu ambaye kesho ataiuzia taasisi yako ni njia fupi ya kupoteza kazi.

Karakana yako

Hapa kosa kubwa ni bei ya siku. Watu hugawa mshahara kwa siku 22, wakapata 2,700 na ushee, wakazungusha hadi 3,000 na kudhani wamejipa nyongeza. Tazama hesabu kamili.

Mwaka una siku za kazi 260 hivi. Toa sikukuu 12, likizo 21 na siku 7 za kuugua, zinabaki 220. Katika hizo, mbili kwa tano huliwa na mambo ambayo hakuna mteja anayelipia: kwenda mtaa wa Karen kuangalia picha ambayo mwenyewe anaamua haitengenezwi, kuandika makadirio, kufuatilia ankara, kusubiri kifurushi kwenye forodha. Siku za kutoza zinabaki karibu 130. Anayetaka kulingana na yule wa 60,000 ghafi anahitaji 720,000 kwa mwaka. Ongeza kodi ya chumba, umeme, vifaa na bima, tuseme 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000. Jumla 1,080,000 ukiigawa kwa 130 unapata kama 8,300 kwa siku. Yule anayetoza 3,000 ataingiza 390,000 kwa mwaka, gharama zimeze 360,000, na familia ibaki na 30,000 kwa miezi 12. Ndiyo maana karakana nyingi hufungwa zikiwa na kazi tele mezani.

Malipo ya karakana yana tabia zake. Mteja ambaye ni kampuni au taasisi hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye ada ya utaalamu ya kuanzia 24,000 kwa mwezi. Hiyo ni kodi yako iliyotangulia, kwa hiyo hakikisha cheti chake kinaonekana kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, la sivyo utailipa tena mwisho wa mwaka. Ankara itoke kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kampuni isiyopata ankara hiyo haiwezi kuihesabu kama gharama yake, na itakukwepa mara ya pili. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haikuhusu mpaka mauzo yafike milioni 5 kwa mwaka, lakini utailipa asilimia 16 kwenye vifaa unavyoagiza, juu ya ushuru wa forodha na usafiri. Viyeyushi vinavyowaka moto havipandi ndege kirahisi. Asetoni na ethanoli nunua kwa wauza kemikali wa hapa hapa mjini, ila dai zenye kiwango cha maabara. Ile ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato yatakayobaki ndani ya kazi ya watu.

Mambo manne yasiyojadiliwa na mteja: picha za hali ya kitu kabla hujakigusa, makadirio yaliyotiwa saini, nusu ya malipo kabla ya kuanza, na ada ya kuhifadhi kwa kitu kisichochukuliwa baada ya siku 30. Bila hilo la mwisho chumba kitajaa fremu za watu waliohama mji.

Bima nayo ina mtego. Bima ya moto na wizi ya biashara hulinda mali yako, si lazima ilinde mali ya mteja iliyo mikononi mwako. Dai kifungu cha mali ya wengine iliyo chini ya uangalizi, na umwambie wakala thamani ya juu kabisa ya kitu kimoja unachoweza kupokea. Ikiwa bima inafikia shilingi 500,000, picha ya milioni 2 isilale kwako hata usiku mmoja.

Kandarasi za miradi

Hizi ziko katikati: miezi mitatu, sita, au mwaka, kwa fedha za wafadhili, ubalozi au kaunti. Kukarabati maktaba ya zamani kama McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, au kuweka makusanyo ya nyaraka kwenye dijitali, huhitaji watu wa karatasi, mbao, chuma na mawe kwa pamoja. Malipo ya siku huwa mazuri kuliko mshahara wa umma, na posho ya safari inaweza kuwa nono. Ubaya wake ni mapengo. Mradi ukiisha Juni na mwingine ukaanza Novemba, ile miezi minne ya katikati ndiyo inayoamua kiwango chako halisi. Gawa malipo ya mkataba kwa miezi yote ya mwaka kabla ya kuutamani. Kazi za serikali zinahitaji cheti cha kulipa kodi na usajili wa AGPO, mpango wa serikali wa zabuni za makundi maalum, kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambao wametengewa asilimia 30 ya manunuzi ya umma. Pesa huja baada ya LPO, ile hati rasmi ya kuagiza kazi, na huchelewa. Usiingie na mtaji wa mkopo wa simu.

| | Taasisi | Mradi | Karakana |
|---|---|---|---|
| Pesa huingia | Kila mwezi | Kwa awamu, huchelewa | Nusu mwanzo, nusu mwisho |
| Vifaa | Vya mwajiri | Hutegemea mkataba | Vyako |
| Likizo na ugonjwa | Vina malipo | Mara nyingi hakuna | Hakuna |
| Muda mwingi huishia | Stoo na ripoti | Eneo la mradi na mikutanoni | Kwa wateja na ankara |
| Huvunjika kwa sababu | Bajeti kukatwa | Pengo kati ya miradi | Bei ya chini |

Fani ipi hulisha wapi

Uamuzi mkubwa kuliko mlango ni kile utakachoshika mikononi, kwa sababu soko la Nairobi halifanani na la Ulaya. Mafunzo mengi ya ukarabati wa picha yamejengwa juu ya rangi za mafuta za karne zilizopita: kuondoa vanishi iliyogeuka njano, kubandika turubai jipya nyuma ya kuukuu. Hapa picha za namna hiyo ni chache. Galeri za mji huu zimejaa kazi za rangi ya akriliki na za michanganyiko, nyingi zikiwa na umri mdogo kuliko mhifadhi wake, nyingine zimechorwa juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti kutoka Uganda.

Akriliki ina mambo yake. Katika joto la kawaida la chumba utando wake hubaki laini, kwa hiyo vumbi huzama ndani yake na plastiki ya viputo huacha alama za duara usoni mwa picha. Maji huivimbisha, ethanoli na asetoni huiyeyusha. Usafi huanza kwa brashi laini na sponji kavu, na mara nyingi huishia hapo. Kushona jeraha la sentimita 5 kwenye turubai, uzi kwa uzi chini ya kioo cha kukuzia, kunaweza kula siku mbili. Kwa bei tuliyoipata juu ni 16,600 kabla ya kugusa rangi. Mwenye picha atauliza kwa nini asimwite msanii aipake upya. Ni swali la haki, hasa msanii akiwa hai, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa umbo. Mpigie simu kabla hujagusa. Kwa ufupi, picha zina heshima, ila peke yake hazijazi wiki ya mtu anayejitegemea Nairobi.

Karatasi hujaza. Hati za ardhi, ramani za mashamba, daftari za ubatizo, picha za harusi, michoro ya wasanifu majengo, rangi za maji, barua za babu: kila familia, kanisa na ofisi ya wakili ina kitu kinachochanika. Ramani ya ukubwa wa A1 yenye machano matatu ni kazi ya saa nane hivi zilizotandazwa katika siku tatu. Piga picha, pima kama wino unamwagika kwa tone la maji kwenye kona isiyo na maana, safisha kwa sponji ya mpira, lainisha kwa unyevu wa polepole, ziba kwa karatasi ya Kijapani ya gramu 9 hadi 12 kwa mita ya mraba na gundi ya wanga wa ngano, kisha kausha chini ya uzito huku ukibadilisha karatasi za kunyonya maji. Wanga huo unaweza kuupata kwa kuosha donge la unga wa ngano mpaka sehemu yake ya kunata (gluteni) ibaki mkononi na wanga utue chini ya beseni. Ni kazi ya mchana mmoja na haina ushuru wa forodha. Gundi ikiwa na maji mengi huacha duara la kahawia lisilotoka. Hapo ndipo wanaoanza huharibu.

Vitu viwili vya karatasi huvunja bajeti. Cha kwanza ni utepe wa selotepu wa miaka mingi, ambao gundi yake imeshaingia ndani ya nyuzi. Toza kwa saa, kamwe usitoe bei ya jumla. Cha pili ni hati iliyolaminishwa kwa moto. Nusu ya vyeti vya mji huu vimepitia mashine hiyo, na kutenganisha plastiki na karatasi bila kupoteza wino ni bahati nasibu. Kataa, au andika kwenye makadirio kwamba hakuna ahadi.

Msimu nao una pesa. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba huleta ukungu, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifika hadi ndani ya nyumba za watu. Karatasi iliyolowa inahitaji kuanza kukaushwa ndani ya saa 48. Ikishindikana, igandishwe kwenye friza ili kununua muda. Anayejua hilo, na ana kifyonza vumbi chenye kichujio cha HEPA kinachonasa chembe ndogo sana, hupigiwa simu mwezi Mei.

Fani tunayoiona inalipa kuliko zote kwa sasa haina hata brashi: uhifadhi wa kinga. Mabenki, hoteli, ubalozi na watu binafsi wana makusanyo ukutani na hawana mtu wa kuyatazama. Nairobi iko kama mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni ya wastani, kwa hiyo ushauri mwingi hauhitaji mitambo ya bei: ondoa picha kwenye ukuta wa nje unaovuja, punguza mwanga hadi luksi (kipimo cha mwanga) 50 kwa karatasi na 200 kwa rangi za mafuta, weka vipima unyevu, usiache unyevu ukae juu ya asilimia 65, acha sentimita mbili za hewa nyuma ya fremu. Unatoza kwa siku, unatumia vifaa vichache, na mteja anakuita tena mwakani. Mbinu ya RE-ORG ya kupanga stoo, ya ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi, iko bure mtandaoni; isome kabla ya kuandika pendekezo lako la kwanza.

Mabaki ya kale ni dunia nyingine. Mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale iliyopatikana Nariokotome mwaka 1984, yumo Nairobi, na ujuzi wa kutoa mfupa ndani ya jiwe kwa sindano na kalamu ya hewa, kisha kuuimarisha kwa gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa katika asetoni, ni ujuzi ambao Wakenya wanasifiwa nao duniani. Malipo yake hufuata ruzuku za utafiti na msimu wa kwenda Turkana. Mteja binafsi halali hakuna, basi usifungue karakana kwa ajili yake.

Kwenda nje, na hesabu ya kurudi

Marekani programu za uzamili huchukua miaka mitatu au minne na hudai kemia, pamoja na ile ya kaboni, historia ya sanaa na kazi ya mikono kabla hujaomba. Faida ni kwamba baadhi, kama ile ya Delaware na Winterthur, hulipa karo na posho. Kinachochosha ni miaka ya uanagenzi inayotangulia, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya bure. Mwaka 2019 chama cha wakurugenzi wa majumba ya sanaa kule kilitoa azimio la kuwataka wanachama walipe wanagenzi, na bado inafaa kuuliza.

Uingereza kozi ni fupi zaidi, lakini mwanafunzi wa nje analipa karo kamili. Kubaki kufanya kazi ni mlima: tangu Julai 2025 visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi inadai mshahara wa pauni 41,700 kwa kawaida, wenye nafuu kiasi kwa waliohitimu karibuni, na matangazo mengi ya wahifadhi wanaoanza hayafiki hapo. Usikope karo ya London kwa matumaini ya kuilipa kwa mshahara wa London.

Pretoria ndiyo ya kuangalia kwanza. Chuo kikuu cha pale kilianzisha mwaka 2019 shahada ya uzamili ya uhifadhi wa urithi unaoshikika, ya miaka miwili, na unasoma ukikutana na vifaa, wadudu na bajeti zinazofanana na zetu. Kwa ambaye tayari ana kazi, kozi fupi za ICCROM za wiki chache humrudisha kwenye meza ileile na jina jipya kwenye wasifu wake. Kenya ni mwanachama. Omba kupitia mwajiri, kwa barua inayosema wazi ni makusanyo gani yatakayonufaika utakaporudi na nani atashika kazi yako ukiwa hupo. Mwajiri akikataa kuiandika, jifunze kukarabati karatasi jioni na uanze kukusanya bei ya kile kifyonza vumbi cha HEPA.